Jioni ya Kiingereza na 'Tarde' ya Kihispania: Uteuzi wa Neno la Wakati katika Tafsiri ya Fasihi

Utangulizi

Yapo maneno ambayo ugumu wake wa kutafsirika hutangazwa mapema: istilahi za falsafa, majina ya mavazi na vyakula, methali, matusi. Mtafsiri huyakabili akiwa amejihami. Yapo mengine ambayo hupita mbele yake kama raia wema wasio na kesi, na ni haya ndiyo humwangusha. Neno la Kiingereza 'evening' ni mojawapo. Kila jamii ya wanadamu hushuhudia jua likitua na watu wakirejea majumbani. Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba kila lugha ina neno moja la kawaida la kipindi hicho. Kihispania hakina. Baada ya adhuhuri, siku ya msemaji wa Kihispania imegawanyika katika vipindi vikuu viwili tu, 'tarde' na 'noche', ilhali ya msemaji wa Kiingereza ina vitatu: 'afternoon', 'evening' na 'night'. Anayetafsiri kutoka Kiingereza hadi Kihispania hulazimika kulipasua neno moja, na kila mara aamue ni upande upi wa mpasuko unaostahili kubaki.

Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba uamuzi huo haufanywi kwa kutazama saa wala kwa kufungua kamusi. Neno linalofaa huteuliwa kwa kuzingatia kazi linayoifanya katika matini nzima na uhusiano wake na maneno mengine ya wakati yaliyomo humo. Ikiwa hoja hii ni kweli, basi kisawe kilekile kinaweza kuwa sahihi katika hadithi moja na kuwa kosa katika shairi la pili. Mifano yetu itatoka kwa William Faulkner, Robert Frost na T. S. Eliot, kisha tutageuza njia na kumtazama Federico García Lorca.

Huenda msomaji akauliza suala hili linamhusu nini mhakiki wa Kiswahili. Linamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wa fasihi linganishi huisoma fasihi ya Kihispania kwa Kiingereza, na wanapothubutu kuileta katika Kiswahili huipitisha katika mlango huohuo. Ni muhimu kujua ni mizigo gani inayoachwa mlangoni. Pili, sisi tuna neno 'jioni', na kuwa nalo kumetufanya tuamini kwamba tatizo la Mhispania si letu. Itadhihirika hapo mbele kwamba imani hiyo haina msingi.

Mipaka ya vipindi

Roman Jakobson, katika makala yake ya 1959 kuhusu isimu ya tafsiri, alitoa hoja kwamba lugha hutofautiana hasa katika yale ambayo zinamlazimu msemaji ayaseme, wala si katika yale ambayo zinaweza kuyasema. Hoja hiyo inafaa sana hapa. Kihispania kinaweza kulieleza giza la mapema, mwanga unaofifia, au saa za mazungumzo baada ya chakula, tena kwa maneno mazuri. Kisichoweza ni kukaa kimya mahali ambapo Kiingereza kimekaa kimya. 'Evening' haisemi kama jua bado lipo au limekwisha kuzama. Mtafsiri atakayesema 'tarde' ameelekea upande wa mwanga. Atakayesema 'noche' amekwisha kuzima taa.

Wala mpaka kati ya 'tarde' na 'noche' hauchorwi na jua peke yake. Katika saa za kawaida za Hispania 'tarde' huanza baada ya chakula cha mchana, ambacho huliwa kwa kuchelewa, na huendelea hadi karibu na chakula cha usiku. Wakati wa baridi kali giza huingia mapema, lakini saa kumi na mbili bado huitwa za 'tarde'. Zaidi ya hayo, mwaka 1940 serikali ya Franco iliisogeza saa ya Hispania ili ilingane na ya Ulaya ya Kati, ijapokuwa nchi hiyo iko karibu na mstari wa Greenwich, na haijarudishwa tangu hapo. Ukijumlisha na saa inayosogezwa mbele wakati wa kiangazi, jua la Madrid mwishoni mwa Juni huzama karibu na saa nne kasorobo usiku. Tazama jinsi Kiswahili chenyewe kinavyotuumbua: tumelazimika kusema 'usiku' huku jua likionekana.

Huko Bogotá hali ni tofauti. Mji ule uko karibu na Ikweta kama Nairobi, na jua lake huzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Saa moja baada ya machweo, ambayo mtu wa Madrid angeiita ya 'tarde', mtu wa Bogotá huiita ya 'noche' bila kusita. Kwa hiyo hata swali la kisawe cha 'evening' katika Kihispania ni pungufu mpaka tuongeze: Kihispania cha nani? Tafsiri zinazochapishwa Barcelona husomwa Lima, na zinazochapishwa Buenos Aires husomwa Seville. Msomaji wa Ikweta analiona jua likianguka kama jiwe. Wa Ulaya analiona likivutwa polepole kama pazia.

Kati ya 'tarde' na 'noche' Kihispania kimeweka maneno ya kivuko. 'Atardecer' ni ile hali ya 'tarde' kuelekea mwisho wake, wakati mwanga unapolala. 'Anochecer' ni kuingia kwa usiku wenyewe. Yote mawili ni vitenzi vilivyogeuzwa nomino, na kama vitenzi huweza kumchukua mtu kuwa kiima: msemaji anaweza kusema kwamba yeye mwenyewe 'alianochecer' mahali fulani, yaani usiku ulimkuta huko. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya maelezo marefu hapa, kwani wazee wetu husema 'tumechwewa', na hata kitenzi 'kuchelewa' kimetokana na kukucha, yaani mtu kufikiwa na mapambazuko kabla ya kufanya alilopaswa kulifanya. Kihispania nacho kina siri kama hiyo. 'Tarde' kabla ya kuwa jina la kipindi ilikuwa, na bado ni, kielezi chenye maana ya 'kwa kuchelewa'. Kila Mhispania anapolitaja alasiri lake hutaja pia kuchelewa, ijapokuwa sikio lake limezoea na halisikii. Ushairi, hata hivyo, ni mahali ambapo masikio huzibuliwa.

Lipo pia neno 'oración', yaani sala, ambalo katika matumizi ya zamani, hasa ya mashambani, lilitaja wakati wa giza kuingia, kwa sababu ndipo kengele za kanisa zilipowaita waumini kusali. Hatuhitaji kwenda mbali kuupata ulinganifu wake. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha ni majina ya sala na pia majina ya nyakati. Na lipo 'velada', kutoka kitenzi cha kukesha, linalotaja saa za baada ya chakula kama tukio la watu kukutana, kuzungumza, kucheza muziki au karata.

Neno moja, jioni nyingi

Tukiwa na orodha hii mkononi, tutazame kwanza mahali ambapo uteuzi si mgumu, ili tujue ugumu unaanzia wapi.

Katika riwaya ya Jane Austen Pride and Prejudice (1813), 'evening' si kipindi cha mwanga bali ni kipindi cha desturi. Watu wa tabaka lile walikula chakula chao kikuu kuelekea mwisho wa mchana, na muda wote uliotangulia waliuita asubuhi. Baada ya chakula ndipo ilipofika 'evening': kinanda, karata, dansi, na maneno yenye ncha. Hapa 'velada' hufaa panapokusudiwa mkutano, na 'noche' panapokusudiwa saa. 'Tarde' ingemfanya msomaji awaone mabinti wa Bennet wakipunga hewa bustanini ilhali wamo ukumbini kwenye mishumaa.

Hadithi fupi ya Faulkner, That Evening Sun (1931), inatupeleka upande wa pili. Katika Marekani ya Kusini 'evening' huweza kuanza mara tu baada ya adhuhuri, na kichwa chenyewe, kilichotokana na wimbo wa W. C. Handy 'St. Louis Blues' (1914), kinalitaja jua. Nancy, mfuaji nguo Mweusi, anaogopa usiku kwa kuwa anaamini mumewe atamvizia gizani amuue. Hofu yote ya hadithi imejengwa juu ya jua ambalo bado lipo lakini linashuka. Mtafsiri anayeteua 'noche' katika kichwa hicho angekuwa amemtupa Nancy moja kwa moja ndani ya kile anachokihofia, na kuipokonya hadithi muda wake wa kungojea. 'Tarde' hufaa, 'atardecer' hufaa zaidi, kwa maana lina mwendo wa kushuka ndani yake.

Mifano hii miwili inatosha kuonyesha kwamba kauli ya kamusi, kuwa 'evening' ni 'tarde' au 'noche', ni ya kweli lakini haina msaada. Mwandishi mmoja amelitumia neno kwa desturi ya ukumbini, mwingine kwa mwanga wa jua. Mtafsiri anayeuliza 'ni saa ngapi?' atajibiwa vibaya na wote wawili. Anayepaswa kuulizwa ni mhusika: anangoja nini, na giza lina maana gani kwake?

Frost na giza la kabla ya usiku

Ugumu wa kweli unaanza na shairi la Robert Frost, Stopping by Woods on a Snowy Evening, lililochapishwa mwaka 1923. Msafiri amesimamisha farasi wake kando ya msitu unaojaa theluji, anautazama, kisha anakumbuka kwamba ana ahadi za kutimiza na safari ndefu kabla ya kulala. Neno 'evening' limo katika kichwa, na linarudi ndani ya shairi pale jioni ile inapopewa sifa ya kuushinda mwaka mzima kwa giza. Wahakiki wengi wameielewa kuwa ni siku ya mwaka yenye mchana mfupi kuliko zote, na huko kaskazini-mashariki ya Marekani jua la siku hiyo huzama kabla ya saa kumi na moja.

Hoja ya kuteua 'noche' ni nyepesi kuieleza. Kuna giza, na Mhispania huliita giza 'noche'. Msomaji wa Mexico au Bogotá, akisoma 'tarde', ataona mwanga ambao shairi halina. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini tuangalie gharama yake. Usiku wenye giza kuliko yote ni fungu la maneno lililochakaa. Kila usiku wa hadithi za kutisha ni wa namna hiyo. Kinachoshtua katika Kiingereza ni kwamba sifa ya giza kuu imepewa kipindi ambacho si usiku. Giza limekuja kabla ya saa yake. Mtafsiri akisema 'noche' amelirudisha giza nyumbani kwake, na mshtuko umekwisha.

Kuna gharama ya pili, na hii ndiyo kubwa. Shairi zima linategemea ukweli kwamba siku haijamalizika. Mtu huyu bado ana kazi. Anavutwa na msitu, na wengi wamesoma mvuto huo kuwa wa mauti, lakini anavutwa akiwa ndani ya saa za wajibu, saa ambazo mtu mzima hana ruhusa ya kulala. 'Noche' inamwelekeza kitandani. Usingizi unaotajwa mwishoni ungekuwa jambo la kawaida la saa ile, na msafiri angekuwa mtu aliyechelewa kulala. Kwa 'tarde', usingizi uko mbali, kama unavyopaswa kuwa, na tamaa ya kulala kabla ya wakati inabaki kuwa tamaa isiyo halali.

'Anochecer' lingeonekana kuwa suluhu ya heshima. Linalitaja giza bila kuufikia usiku. Lakini neno hili ni la mwendo, nalo shairi ni la kusimama. Theluji inaanguka, farasi anatikisa kengele, na katikati yake mtu ametulia. Wakati nao unapaswa kutulia pamoja naye. 'Anochecer' ni mlango, na hakuna anayekaa mlangoni kutazama msitu ukijaa. Kwa maoni yangu, basi, 'tarde' ndilo neno la Frost, pamoja na hasara yake kwa msomaji wa nchi za joto. Theluji na kivumishi cha giza vitamrekebishia picha. Lakini hakuna kitakachomrudishia wajibu wa mchana ikiwa mtafsiri ameufuta.

Eliot na maneno matano

Tukichukua hukumu hiyo na kuibandika juu ya shairi la T. S. Eliot, The Love Song of J. Alfred Prufrock, tutakosea vibaya. Shairi hilo lilichapishwa katika jarida la Poetry la Chicago mwaka 1915, na linafunguka kwa taswira inayojulikana sana, ambapo 'evening' inafananishwa na mgonjwa wa chumba cha upasuaji. Mtafsiri wa mstari huo pekee anaweza kuteua 'tarde' na kuishi kwa amani, hadi afike katikati ya shairi. Hapo Prufrock anavitaja kwa mfululizo vipindi vitatu vya siku alivyokwisha kuvizoea, na katika orodha hiyo 'evening' na 'afternoon' ni mbalimbali. Baadaye kidogo maneno hayo mawili yanawekwa bega kwa bega, yakiwa kitu kimoja kilicholala kama mnyama anayepapaswa. Aliyekwisha kuitumia 'tarde' kwa neno la kwanza amebaki mikono mitupu anapolikuta la pili.

Mtu atasema, basi tuteue 'noche'. Lakini ule ukungu wa manjano unaojizungusha nyumba unalala katika usiku wa Oktoba uliotajwa wazi, na kabla yake zimetajwa nyakati za usiku zisizo na utulivu katika hoteli za bei ya chini. 'Noche' imekwisha kuchukuliwa. Atasema tena, tuteue 'anochecer'. Lakini Prufrock anajiuliza kama aseme kwamba amepita vichochoroni wakati wa utusitusi, na Kiingereza hapo kimetumia neno 'dusk', ambalo kisawe chake cha asili ni 'anochecer' hilohilo. Na kama hayo hayatoshi, kuelekea mwisho machweo nayo yanatajwa kwa wingi, pamoja na riwaya na vikombe vya chai.

Kwa hiyo shairi hili halina neno moja la wakati linalohitaji kisawe. Lina maneno matano yanayogawana nusu moja ya siku: alasiri, jioni, machweo, utusitusi na usiku. Hapa ndipo tunapoiona vizuri zaidi hoja ya makala hii. Mtafsiri anayeyatatua moja moja, kila mstari kwa wakati wake, atajikuta ametumia neno moja kwa mambo mawili, au maneno mawili kwa jambo moja. Hana budi kuyagawa yote kwa pamoja kabla hajauandika mstari wa kwanza. Mgao ninaoupendekeza ni huu: 'tarde' ibaki kwa 'afternoon', 'noche' kwa 'night', 'anochecer' kwa 'dusk', 'puesta de sol' kwa 'sunset', na 'atardecer' kwa 'evening'.

Mgao huu una faida tatu. Kwanza, unayahifadhi maneno matano. Pili, unatatua suala la jinsia ya kisarufi ambalo Kiingereza hakilijui na Kiswahili hakilihitaji. 'Tarde' ni ya kike. 'Atardecer' ni ya kiume. Taswira ya ufunguzi inamleta mgonjwa, na sifa atakazopewa lazima zichukue jinsia. 'Atardecer' na mgonjwa wa kiume vinapatana, na mgonjwa huyo ni Prufrock mwenyewe kabla hajajitambulisha. Kwa 'tarde', ama mgonjwa awe mwanamke, na shairi lianze kwa mwili wa kike mezani, ama ulinganisho utembee kwa miguu isiyolingana. Tatu, ndani ya 'atardecer' mna 'tarde', na ndani ya 'tarde' mna kuchelewa. Huyu ni mtu anayejihakikishia mara kwa mara kwamba muda utakuwepo, naye amekwisha kuchelewa. Kiingereza hakikuweza kuficha neno la kuchelewa ndani ya jina la jioni, Kihispania kinaweza. Si kila tafsiri ni hasara.

Ni haki kuitaja pia hasara iliyopo. Katika orodha ya katikati, jioni za Prufrock ni za mazoea: za chai, za mazungumzo yasiyo na mwisho, za maisha yaliyopimwa kwa kipimo kidogo cha mezani. Wingi wa 'atardecer' unaleta uzuri wa mbingu nyekundu ambao haumo. Msomaji anaweza kudhani kwamba mtu huyu amehesabu machweo, kumbe amehesabu wageni. Baadhi ya watafsiri wangeshawishika kubadilisha neno hapo tu, waweke 'velada' au 'noche'. Nadhani wasifanye hivyo. Eliot amelirudia neno lilelile katika nafasi kadhaa ili tulishuhudie likichakaa: kwanza limetandazwa mbinguni, kisha limeingia katika orodha, kisha limelala. Neno likibadilishwa njiani, kuchakaa hakutaonekana. Tena machweo yanayochosha kwa kuhesabiwa si picha iliyo mbali na kejeli ya shairi hili.

Linganisha sasa hukumu zetu mbili. Kwa Frost tuliikataa 'anochecer' kwa sababu ya mwendo wake na tukakubali 'tarde'. Kwa Eliot tumeikataa 'tarde' kwa sababu ya majirani zake. Neno la chanzo ni lilelile, na miaka minane tu ndiyo inayoyatenga mashairi haya. Mwalimu anayesahihisha tafsiri za wanafunzi akiwa na kisawe kimoja kichwani atampa mmoja alama na kumnyima mwingine bila haki.

Njia ya kurudi: Lorca na saa kumi na moja

Hadi hapa tumesafiri kutoka Kiingereza kwenda Kihispania. Njia ya kurudi inatuhusu zaidi, kwa kuwa ndiyo ambayo fasihi ya Kihispania huijia kwetu.

Ignacio Sánchez Mejías, mpiganaji wa mafahali, alijeruhiwa na fahali huko Manzanares tarehe 11 Agosti 1934, akafariki Madrid siku mbili baadaye. Rafiki yake Lorca alimwandikia shairi la maombolezo lililotoka mwaka 1935, na sehemu yake ya kwanza imejengwa juu ya kibwagizo kinachotaja saa moja tu: saa ya tano ya 'tarde', kwa hesabu ya Ulaya. Kiingereza hulitafsiri neno hilo kuwa 'afternoon', na hakikosei. Ernest Hemingway alikuwa amekwisha kuipa kazi yake juu ya mchezo huo kichwa Death in the Afternoon (1932), ambacho Kihispania hukiita Muerte en la tarde. 'Evening' isingefaa, kwani jua la Agosti wakati huo bado liko juu, nusu ya uwanja ni mwanga mkali na nusu ni kivuli, na kifo kinatokea mbele ya macho ya wote.

Sasa mwanafunzi wetu analichukua shairi kutoka Kiingereza. Saa anaigeuza kuwa kumi na moja, kama inavyopasa. Lakini kumi na moja ya nini? Akifuata kamusi atasema 'alasiri', na kila msemaji wa Kiswahili atashtuka, kwani saa kumi na moja kwetu ni ya jioni. Akifuata Kiswahili atasema 'jioni', na papo hapo jua la Manzanares litaanza kushuka, upepo utapoa, ng'ombe watarudi zizini. Kifo kilichotokea katika ukali wa mchana kitakuwa kimetokea katika utulivu wa siku inayofunga. Hapa ndipo neno letu 'jioni' linapofichua kwamba si 'evening' wala si 'tarde'. Huanza mapema kuliko 'evening', wakati Mwingereza angali katika 'afternoon', na hufunga mapema pia, maana saa tatu, ambazo Mwingereza bado huziita za 'evening', kwetu ni za usiku bila ubishi. Kama Kihispania, nasi tunalipasua neno la Kiingereza. Ila tunalipasua mahali pengine.

Je, mtafsiri wa Lorca afanye nini? Anayekijua Kihispania ataona kwamba 'tarde' katika kibwagizo kile inabeba mambo matatu: saa ya desturi ya mchezo, mwanga, na lile sikio la kuchelewa ambalo katika maombolezo haliwezi kunyamaza. Saa haiwezi kutenguliwa. Ndiyo msumari wa shairi. Kwa hiyo 'saa kumi na moja' isimame peke yake, bila 'alasiri' wala 'jioni', na mwanga uachwe kwa taswira nyingine za shairi. Kiswahili kinaruhusu jambo hili, kwa maana msikilizaji hatadhani kwamba mafahali hupiganishwa kabla ya mapambazuko. Suluhu hii haitamjia anayefanya kazi kutoka Kiingereza, kwa sababu Kiingereza kimemwekea mezani neno 'afternoon', naye ataona ni wajibu wake kulitafutia kisawe.

Hitimisho

Mazoea yetu ya kuhakiki tafsiri yamekuwa ya kulinganisha neno kwa neno na kuandika pembeni kwamba hili ni sahihi na lile si sahihi. Kisa cha 'evening' kinaonyesha udhaifu wa mazoea hayo, tena kwa neno la kila siku lisilo na utata wa kifalsafa. 'Tarde', 'noche', 'atardecer', 'anochecer', 'velada': kila moja ni sahihi mahali fulani, na hakuna hata moja lililo sahihi kabla shairi halijasomwa hadi mwisho. Mhakiki anayetaka kuihukumu tafsiri hana budi kwanza kuyakusanya maneno yote ya wakati yaliyomo katika matini chanzi, aone yanavyogawana siku, ndipo aulize kama mgao huo umehifadhiwa.

Kwa idara zetu lipo fundisho jingine. Kiswahili na Kihispania ni lugha mbili ambazo zimegawa siku kwa uzoefu wa jua, wa chakula na wa sala, na katika baadhi ya mambo, kama kuchwewa na 'anochecer', au magharibi na 'oración', ziko karibu zaidi kuliko kila mojawapo ilivyo karibu na Kiingereza. Tunapoiendea fasihi ya Kihispania kwa kupitia Kiingereza, tunazunguka kwa jirani wa mbali ili kufika kwa jirani wa karibu, na njiani tunapokonywa yale ambayo tungeyatambua mara moja. Wanafunzi wa uzamili wanaokusudia kutafsiri Lorca au García Márquez wajifunze Kihispania. Hilo si anasa ya msomi. Bila hilo, tutaendelea kumzika Sánchez Mejías jioni, ilhali alianguka juani.